NDEGE ALIYEVAA PETE

Shakwe wa ziwa letu anatoka wapi, na ana neno gani kwa watu wa Fizi?



Mwezi huu ninataka kuanza na kutubu kosa moja la utoto wangu. Mbele ya watu si kosa kubwa. Hakuna aliyenishitaki, hakuna aliyelia. Lakini kila ninapotembea ufukoni Baraka asubuhi, mitumbwi inapofika na ndagala, ninalikumbuka.

Nilikuwa na miaka kama kumi. Wakati ule nchi yetu iliitwa Zaire. Sisi watoto wa ufukoni tulikuwa na mchezo: tunachukua ndoano, tunaweka ndagala mmoja, tunaifunga kwenye kipande cha mti kinachoelea, halafu tunajificha nyuma ya mitumbwi. Ndege wa ziwani anashuka, anameza, anakamatwa. Siku moja tulimkamata ndege mkubwa, mweupe kichwani na kifuani, mweusi mgongoni. Alipigana sana. Tulipomfikisha mchangani tukaona ajabu: mguuni alikuwa amevaa pete ya chuma, na juu ya pete kuna maandishi.

Kaka yangu mkubwa alikuwa anajua kusoma. Akageuza pete, akasoma herufi moja moja: HEL-SIN-KI. Mwenzetu mmoja akasema, "Hilo ni jina la mchawi, tumuache." Mwingine akasema, "Hapana, hii ni feza, tutauza." Basi ndege tukamla. Pete tukaipeleka kwa fundi wa saa sokoni. Fundi akacheka, akasema si feza wala nini. Tukaifunga kwenye kamba ya ndoano ili iwe kizito, na siku chache baadaye kamba ikakatika. Pete ikaenda chini ya ziwa. Mpaka leo iko huko.

Miaka ilipita. Nilikuwa kwenye Chuo cha Biblia, na mwalimu mmoja aliyetoka Norwe alitundika karta ya dunia ukutani. Nikaona neno lile lile: Helsinki. Kumbe si mchawi! Ni mji mkuu wa Ufini, nchi ya baridi kule kaskazini mwa Ulaya. Nikamwambia mwalimu habari ya ndege. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na ile pete iko wapi?" Nikaona haya.

PETE NI BARUA

Ndugu, pete ile ilikuwa barua. Zamani watu wa Ulaya hawakujua ndege zao wanakwenda wapi wakati wa baridi. Wengine walisema mbayuwayu wanalala chini ya matope kama vyura. Mwaka wa 1822, huko Ujerumani, korongo mmoja alikutwa ana mkuki umemchoma shingoni, naye bado anaruka. Walipoutazama ule mkuki wakaona ni wa Afrika. Ndipo wengi wakaanza kuamini: kumbe ndege huyu anakwenda Afrika na kurudi! Korongo huyo mpaka leo anahifadhiwa katika chuo kikuu cha mji wa Rostock.

Mkuki ni barua mbaya. Mwaka wa 1899 mwalimu wa shule mmoja wa Denmark, jina lake Mortensen, alipata njia bora zaidi. Alitengeneza pete ndogo za chuma, akaandika namba na anwani, akawafunga ndege miguuni na kuwaacha waende. Nchi ya Ufini ilianza kazi hiyo mwaka wa 1913. Mtu anayeokota pete anatakiwa kuandika: nimemwona ndege wa namba fulani, mahali fulani, tarehe fulani. Kwa njia hiyo, na siku hizi kwa vyombo vidogo vya redio vinavyofungwa mgongoni mwa ndege na kusikiwa na satelaiti, wamejua njia yote.

Sisi tulimla mletaji wa barua, na barua yenyewe tukaitupa ziwani. Hilo ndilo kosa langu.

HUYU NDEGE NI NANI?

Kwa Kiswahili cha vitabu anaitwa shakwe. Wako shakwe wa namna nyingi. Huyu wetu mwenye mgongo mweusi utamtambua hivi: miguu ya manjano, mdomo wa manjano wenye alama nyekundu kwa chini, mabawa marefu. Watoto wake wana rangi ya udongo na madoa, na wanakawia miaka kama mine kabla ya kupata mavazi ya wakubwa. Ile alama nyekundu ya mdomoni si pambo bure. Kifaranga akisikia njaa anaigonga kwa mdomo wake, ndipo mama au baba anatapika samaki na kumlisha.

Anazaliwa wapi? Kwenye visiwa vya mawe na pwani za Ufini, kaskazini mwa Uswidi, kaskazini mwa Norwe, na sehemu za Urusi zilizo karibu. Hizo ni nchi zinazopakana na nchi ya barafu yenyewe. Wakati wa kiangazi cha kwao, mwezi wa tano mpaka wa saba, jua karibu halizami. Saa kumi za usiku mtu anaweza kusoma Biblia nje bila taa. Lakini mwezi wa kumi na mbili ni kinyume: giza karibu siku nzima, na bahari ya Ufini inaanza kuganda mpaka watu wanatembea juu yake. Ndege wa kuvua atakula nini juu ya barafu?

Basi mwezi wa nane na wa tisa anaondoka. Anapita upande wa Bahari Nyeusi na Bahari ya Kati, anafuata Nile, anafika kwenye maziwa yetu makubwa: Victoria zaidi, na mengine pia, pamoja na Tanganyika. Mwezi wa tatu na wa nne anarudi kwao kuzaa. Chukua karta, weka kidole Baraka, panda kaskazini moja kwa moja: utapita Sudan, Misri, utagusa Istanbul, utapita Ukraine, na mwisho utafika mashariki mwa Ufini. Ni kama barabara moja iliyonyooka. Kutoka huko mpaka kwetu ni zaidi ya kilomita 7,000, na ndege mwenyewe hafikii hata kilo moja.

Hayuko peke yake. Vitwitwi wale wadogo wanaotikisa mkia kwenye matope ya mdomo wa Mutambala, wengi wametoka mabwawa ya kaskazini. Mbayuwayu nao vivyo hivyo. Nabii Yeremia, katika sura ya 8 mstari wa 7, aliwaaibisha watu wa Yerusalema kwa ndege kama hawa: korongo na mbayuwayu wanajua wakati wao wa kwenda na wa kurudi, lakini watu wa Mungu hawajui amri ya Mungu wao. Yeremia hakuwa na karta wala satelaiti. Alitazama juu tu, akaona.

Dada mmoja wa kanisa letu alikimbilia Tanzania wakati wa vita, akakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, halafu akapelekwa Norwe pamoja na watoto. Mwaka wake wa kwanza alilia sana kwa ajili ya giza. Halafu mwezi wa tano akanipigia simu anacheka: "Pasta, ndege ya Baraka iko huku! Nimeiona pwani, inakaa juu ya mayai!" Nikamwambia, "Mama, yeye amerudi nyumbani. Wewe ndiye mgeni." Akajibu, "Basi anisalimie watu ya kwetu akirudi." Tulicheka wote wawili, lakini nilipokata simu macho yangu yalikuwa na machozi.

BAHARI YA BARIDI NA ZIWA LETU: SHERIA MOJA

Kijana anaweza kuuliza: kama huko ni baridi namna ile, kwa nini asibaki Baraka mwaka mzima?

Jibu ni chakula cha watoto. Katika bahari za kaskazini, dhoruba za wakati wa baridi zinachanganya maji. Mbolea iliyolala chini inapanda juu. Jua linaporudi, vijimea vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, vinajaa majini kwa muda mfupi. Vijidudu vinakula vijimea, samaki wadogo wanakula vijidudu, na ndege kwa mamilioni wanakula samaki na kulisha vifaranga. Mchana ni mrefu, kwa hiyo baba na mama wanavua karibu saa zote. Tena vile visiwa vya mawe havina wanyama wengi wa kuiba mayai.

Sasa tazama ziwa letu. Tanganyika ina kina cha mita 1,470. Mbolea ya ziwa iko chini sana, mahali ambapo samaki hawezi hata kupumua. Nani anaipandisha? Upepo wa kusini, ule wa wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano. Upepo unasukuma maji, maji ya chini yanapanda, vijimea vinaota, ndagala wanakula, mikebuka wanakula ndagala, na sisi tunakula wote wawili. Ni sheria ile ile ya bahari ya baridi. Mungu ameweka ghala chini na upepo kuwa mpishi.

Lakini maji ya juu yakipata joto sana, yanakaa kama kifuniko juu ya sufuria, na upepo hauwezi tena kuchanganya vizuri. Wataalamu waliochunguza Tanganyika waliandika mwaka wa 2003 kwamba ongezeko la joto la karne ya 20 limepunguza chakula cha ziwa kwa kadiri ya asilimia 20, na kwamba hiyo inaweza kupunguza samaki kwa kadiri ya asilimia 30. Wavuvi wetu wazee hawakungoja kitabu. Wao wanasema tu, "Ziwa imechoka."

MEZA ILIYOKAUKA

Huko kaskazini wameona tayari jambo ambalo sisi tunaliogopa. Kuna visiwa vya Norwe vinavyoitwa Røst. Huko anakaa ndege mdogo wa baharini, mweusi na mweupe, mwenye mdomo mpana wa rangi nyingi, anaitwa pafini. Mwaka wa 1979 walihesabiwa jozi zaidi ya milioni moja. Pafini analisha kifaranga chake kwa samaki wadogo, hasa watoto wa samaki anayeitwa heringi.

Miaka ya 1960 wavuvi walipata mashine mpya za kuvuta nyavu na vyombo vya kusikiliza samaki chini ya maji. Walivua, wakavua. Kila mtu alisema, "Nisipovua mimi, atavua jirani." Walipofika karibu na mwaka wa 1970, heringi walikuwa karibu wamekwisha. Na kule Røst, kuanzia mwaka wa 1969, mwaka baada ya mwaka, vifaranga wa pafini walikufa kwa njaa ndani ya mashimo yao. Wazazi waliruka mbali, wakarudi na midomo mitupu.

Jambo la namna hiyo lilitokea tena katikati ya miaka ya 1980. Samaki mwingine mdogo, kapelini, aliisha katika bahari ya kaskazini ya mbali. Katika kisiwa cha Bjørnøya, kati ya mwaka wa 1986 na wa 1987, ndege wa namna moja wa kwenye majabali walipungua zaidi ya nane katika kila kumi. Katika mwaka mmoja tu!

Serikali ya Norwe ilizuia uvuvi wa heringi. Wavuvi walikasirika, wengine waliacha kazi. Walingoja karibu miaka 20. Mwisho heringi walirudi, na wavuvi wakarudi baharini. Lakini pafini wa Røst hawakurudi kuwa wengi kama zamani. Meza ikikauka, si kila mgeni anarudi.

Ninalisema hili kwa sababu nasi tumefika hapo. Nchi nne za ziwa letu, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zimepatana kupumzisha ziwa miezi mitatu kila mwaka, tangu tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti. Tanzania ilifunga kwa mara ya kwanza mwaka wa 2024. Nilipolisema jambo hili kanisani, mvuvi mmoja mzee alisimama kabla sijamaliza.

"Pasta," akasema, "miye nina watoto saba. Wanasema tusivue miezi tatu. Sasa watoto wakule nini? Wakule karatasi?"

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Nami sikuwa na jibu rahisi. Nikamwambia, "Papa, una haki ya kuuliza." Kisha nikamsimulia habari ya Røst. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Wale wavuvi wa huko, hiyo miaka yote, nani aliwasaidia?" Swali hilo, ndugu zangu, ni letu sote. Kufunga ziwa bila kumfungulia mvuvi ghala ni kumtwika mzigo na kumwacha njiani. Jamaa zinazojua kwamba mwezi wa tano unakuja zinaweza kuweka akiba tangu mwezi wa kwanza: mihogo, sanduku la akina mama la kila Jumapili, bata na kuku. Yusufu huko Misri hakungoja njaa ifike ndipo ajenge ghala.

NDEGE WA MGODINI

Sasa ninageuka kwa ninyi wa Misisi, Lulimba na machimbo mengine. Msiseme habari ya ndege wa ziwa haiwahusu. Zamani, katika migodi ya makaa ya Uingereza, wachimbaji walishuka chini na ndege mdogo wa manjano katika kitundu. Mle shimoni kuna hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mwili wa ndege ni mdogo na anapumua haraka, kwa hiyo sumu inampata kabla ya mtu. Ndege akilegea, watu wanakimbia nje. Walimtumia mpaka mwaka wa 1986, ndipo mashine zikachukua kazi yake. Wachimbaji wengi waliokoka kwa sababu walimtazama ndege.

Shakwe wetu pia ni ndege wa namna hiyo. Miaka ya 1990, pwani ya Ufini, vifaranga wengi wa shakwe huyu walikufa. Walipopasuliwa, ini lilikuwa gonjwa na mwili ulikuwa na sumu za namna ya DDT, ile dawa ya kuua mbu na wadudu wa mashamba ambayo nchi zile ziliikataza tangu miaka ya 1970. Sumu ilitoka wapi? Wataalamu wengine walisema imetoka katika samaki wa bahari yao, ambayo viwanda vimeichafua. Wengine walisema ndege waliibeba kutoka huku Afrika wanakokaa wakati wa baridi. Walibishana muda mrefu. Ndege mwenyewe hawezi kusema ni wapi alikula. Anavua kwao, anavua kwetu, ni mwili mmoja. Nchini Ufini ameandikwa kati ya ndege walio hatarini.

Na sisi tuna sumu yetu. Ni zebaki, ile wachimbaji wanaiita merikiri. Tunajua kazi yake: inakusanya vumbi la dhahabu, kisha inachomwa na dhahabu inabaki. Lakini zebaki haipotei. Sehemu inakwenda juu kama moshi, na mtu anaivuta ndani ya mapafu. Sehemu inaanguka mtoni. Ndani ya matope, vijidudu vinaigeuza kuwa sumu kali zaidi inayoingia mwilini na kukawia kutoka. Mdudu mdogo anapata kidogo. Samaki mdogo anakula wadudu wengi, anapata zaidi. Samaki mkubwa anakula wadogo mia, anapata zaidi tena. Mwisho ni ndege anayevua, na mwanadamu. Zaidi ya wote ni mtoto aliye tumboni, kwa sababu inaharibu ubongo unaotengenezwa.

Huko Japani kuna mji wa pwani unaoitwa Minamata. Kiwanda kilimwaga zebaki baharini miaka mingi. Kabla ya watu kujua, paka waliokula samaki walianza kuzunguka na kutetemeka kama wanacheza ngoma, na kunguru walianguka kutoka angani. Watu walishangaa tu. Mwaka wa 1956 madaktari walitangaza ugonjwa kwa watoto wa wavuvi: mikono inatetemeka, macho hayaoni, ulimi hausemi. Maelfu ya watu waliumia. Mapatano ya mataifa ya mwaka wa 2013 juu ya zebaki yamepewa jina la mji huo. Ndege walikuwa wametangulia kusema, lakini hakuna aliyewasikiliza.

Mtu wa Misisi anaweza kuniambia, "Pasta, maji yetu hayaendi Baraka, yanashuka upande wa Lwama." Ni kweli. Lakini hata Lwama ina wavuvi, na watoto wanakunywa. Kila mto una Baraka yake mahali fulani chini.

AMRI YA KIOTA

Katika Torati kuna amri moja ndogo ambayo wahubiri tunairuka. Iko Kumbukumbu la Torati sura ya 22, mstari wa 6 na wa 7. Mtu akiona kiota njiani, na mama analalia mayai au vifaranga, anaweza kuchukua watoto, lakini mama amwache aende. Na Mungu anaweka juu yake ahadi ya heri na ya maisha marefu, inayofanana na ile ya kumheshimu baba na mama!

Kwa nini ahadi kubwa kwa kiota kidogo? Kwa sababu Mungu hakukataza kula. Alikataza kumaliza. Yule anayekula matunda na kuuacha mti, atakula tena. Anayevua kwa chandarua mpaka mtoto wa samaki wa juzi, amemchukua mama na watoto. Anayemwaga zebaki mtoni amechoma kiota pamoja na mti wake. Nami nilipokuwa mtoto nilimla mgeni aliyesafiri kilomita 7,000, hata jina lake sikulisoma vizuri.

Basi tufanye nini? Mambo machache, yanayowezekana hata kwa maskini:

1. Mchimbaji, usichome zebaki ndani ya nyumba wala jikoni. Usitumie sufuria ya chakula. Tumieni chombo kilichofunikwa kinachorudisha moshi kuwa zebaki tena: kinaokoa mapafu na kinaokoa franga.

2. Mama mwenye mimba na watoto wadogo wakae mbali kabisa na kazi hiyo. Hapa pasiwe na masikilizano.

3. Mabaki ya zebaki yasitupwe mtoni wala karibu na kisima.

4. Mvuvi, chandarua ni cha kitanda. Mianya midogo ya leo ni njaa ya kesho.

5. Vijana, msitege ndege wa ziwani kwa mchezo. Mkiona ndege mwenye pete mguuni, akiwa amekufa, someni herufi na namba zote, mziandike pamoja na mahali na tarehe. Mpeni mwalimu au mchungaji azitume kwa anwani iliyo juu ya pete. Akiwa hai, msomeni kwa mbali na mwacheni aende.

Wasomaji wengi wa Kivu ya Kusini wanajua kwamba miaka ya 1920 wamisionari kutoka Norwe na Uswidi walivuka bahari na nchi nyingi kutuletea Habari Njema. Walifika kwa taabu, wengine wamezikwa kwetu. Lakini kabla yao, miaka isiyohesabika, ndege wa pwani zile zile walikuwa wanakuja kila mwaka kukaa kwetu, bila mtu wa huku wala wa huko kujua. Mungu alikuwa amekwisha kuunganisha pwani mbili kabla watu wake hawajafahamiana. Bwana Yesu alisema hata shomoro mmoja haanguki chini bila Baba kujua. Basi alimwona na yule wetu, siku ile nyuma ya mitumbwi.

Mwezi wa kumi wamefika tena. Nilisimama ufukoni na mwanangu wa mwisho, tukawaona watatu juu ya maji, wamekaa kuelekea upepo. Mtoto akauliza, "Papa, yuko mwenye pete?" Tulitazama muda mrefu. Walikuwa mbali, hatukuweza kuona miguu. Nikamwambia, "Kesho tutarudi kutazama."

MASWALI YA KUZUNGUMZA JAMAANI

1. Soma Yeremia 8:7. Ni jambo gani ambalo ndege wanalijua na sisi tunalisahau?
2. Katika kazi ya jamaa yetu (ziwa, shamba au machimbo), ni wapi tunachukua mama pamoja na watoto?
3. Ziwa likipumzika miezi mitatu, kanisa letu linaweza kuisaidiaje jamaa ya mvuvi?